Dawa ya Majonzi

Sheria ilikataza mfamasia kutoa dawa mpya kabla hajaimeza mwenyewe siku saba, huku mtu wa nyumbani akiandika kila anachokiona. Kwa Bi Mwanakheri, mwandishi alikuwa mumewe, Shamte, na hakuna kazi aliyoionea fahari kama hiyo. Mkewe ndiye aliyegundua kwamba vidonge vipya vya presha vinawaangusha wazee. Alianguka yeye kwanza, pale mlangoni mwa choo, akainuka anacheka.

"Andika, Baba Zuhura. Usinionee huruma."

Mwanamke wa shoka!

Wiki hii ilikuwa zamu ya dawa ya majonzi. Siku ya kwanza alilala fofofo. Siku ya tatu aliimba akikuna nazi, sauti ambayo Shamte hakuisikia tangu wamzike binti yao, Zuhura. Aliandika huku machozi ya furaha yakimlengalenga.

Siku ya tano Mwanakheri alifuta vumbi kwenye picha ya ukutani, akatabasamu.

"Mtoto mzuri huyu! Wa nani?"

Kalamu ikagoma mkononi mwa Shamte. Mkewe akamgeukia kwa upole.

"Umeona nini? Andika, Shamte. Usinionee huruma."