Chandarua cha Mjomba

Kisu kilipopita, harufu ilitangulia usaha. Mkemia alibana pua juu ya barakoa. Haikusaidia kitu. Uvundo ulikuwa umeshamkaa kooni, mzito, wenye utamu wa kuchefua, kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chupa.

"Usigeuke, binti," alisema daktari mpasuaji. "Nimekuita ujionee unachotia matumboni mwa watu."

Aliyelazwa pale, usingizini kwa dawa, alikuwa mjomba wake. Mkemia alipomaliza kusuka wavu wake wa plastiki wa kuzibia ngiri, ni mjomba aliyejitolea kutiwa wa kwanza. "Nitie chandarua chako, mpwa wangu," alicheka siku ile, "mbu wasije wakaingia tumboni." Wengine walishatiwa baada yake. Wiki ijayo ilikuwa zamu ya mama yake mwenyewe.

Usaha wa kijani ulitambaa kwenye glavu za daktari.

"Panya waliukubali," mkemia alinong'ona. "Nyama yao ilibaki safi kabisa."

"Panya anakula hata sabuni! Huyu ni mtu."

Pembeni, nesi alikuwa akipanga vitambaa vya kufyonzea damu, akivihesabu kwa sauti, kama anavyofanya kabla na baada ya kila upasuaji.

"Huyu mama na hesabu zake!" daktari aliguna. "Tulipomshona huyu mara ya kwanza, aling'ang'ania vitambaa ni tisa, tisa, mpaka mgonjwa akataka kuamka."

Nesi alivirudisha vitambaa mwanzo. Alianza tena, moja.

Mkemia aliitazama mikono yake akaiona michafu, ingawa haikuwa imegusa chochote. Miaka yote ile ya kupika plastiki na kusuka, na tunda lake ndilo hili linalonuka!

"Nitazichoma nyavu zote," alisema. "Mama yangu usimtie. Nakuomba, daktari."

"Sasa umesema la maana."

Daktari alipangusa usaha. Wavu ukaonekana: mweupe, umetulia, nyama changa ya waridi imeota katika kila tundu lake kama nyasi kwenye uzio.

Koleo la daktari likasita. Kisha likapita nyuma ya wavu, likashika kitu, likavuta donge jeusi lenye kamasi, refu, lisilotaka kuisha. Lilipoanguka ndani ya beseni likakunjuka, likaonyesha pindo la kitambaa cha pamba, lililoshonwa vizuri.

"Kumi," alisema nesi.