Mkwe Asiye na Mashine

“Zilete basi, tuzione,” alisema Papa Isidore, akachungulia mlangoni kana kwamba kuna lori limeegeshwa nje.

Hakukuwa na lori. Kulikuwa na Blanchard, kijana aliyetoka Bukavu kuja Mumosho kumposa Larissa, binti wa mzee huyo, na tonton Patrice, mjomba wake, aliyekuja kusema kwa niaba yake. Siku ya kuposa, mkwe hafungui kinywa wala hagusi kitu. Anakaa kama picha ya ubatizo ukutani, na mkubwa wake ndiye anayesema. Shida ni kwamba tonton Patrice ni mshonaji wa nguo. Kompyuta anazijua kwa sura tu.

“Mashine haziko hapa, papa,” alisema. “Ziko mbali, kwa batu bengine. Blanchard anazikodi kupitia mtandao.”

“Ngapi?”

“Ile anataka. Leo makumi mbili, kesho mia.”

“Na ni zake?”

“Hapana, papa.”

Papa Isidore alicheka kidogo, puani. Alinyoosha kidole dirishani, kuelekea kilima kilicho nyuma ya ua. Ng’ombe walikuwa wakila majani pale, wanene, ngozi inang’aa.

“Utajiri ya mutu inaonekana na macho,” alisema. “Ngombe ziko pale, kila mutu anapita anaziona. Kitu ya kukodi haiingii mu hii nyumba.”

Larissa, aliyekuwa akimimina bia, alitazama sakafu.

Hapo shauri likaanza kuharibika, na Blanchard akaogopa kweli. Jumapili iliyofuata viti hivyo hivyo vingekaliwa na mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Shabunda, mtu mwenye magari ya kushikika. Papa Isidore alikuwa ameshasema wazi: jibu ni leo, tena kabla ya saa kumi na mbili, maana barabara ya kurudi mjini si ya kusafiri gizani. Kila mara aliangalia saa yake. Kule kilimani, Bisimwa, mchunga ng’ombe, alikuwa ameegemea fimbo akiangalia jua.

Tonton Patrice akafungua kompyuta ya Blanchard.

Kazi ya Blanchard ni hesabu za mvua: kilima gani kinaweza kuporomokea nyumba za watu, na lini. Hesabu hizo zinashinda mashine moja. Zamani, kukodi mashine nyingi na kuziunganisha zifanye kazi pamoja kulimaliza wiki nzima, na hatua moja ikikosewa, unaanza upya. Blanchard alichoka na upuuzi huo. Akaandika programu inayofanya yote kwa neno moja, akairahisisha mpaka hata mshonaji aweze kuiendesha. Leo, mwenyewe akiwa amefungwa kinywa na mikono, hilo ndilo tumaini lililombakia.

Tonton Patrice akaandika “anza” kwa kidole kimoja. Herufi ya z aliitafuta sana. Mtandao ukasuasua, wote wakangoja, kisha vinukta vya kijani vikajitokeza kwenye kioo, kimoja kimoja, mpaka vikajaa. Chini yake ikafunguka ramani yenye madoa mekundu.

“Kila moja ni mashine, papa. Zinafanya kazi sasa hivi. Hii ni Bagira, kule Bukavu. Pale pekundu, njo mahali udongo inaweza kuanguka.”

Papa Isidore aliinama akatazama kwa makini.

“Na magaribi, jua ikizama? Zinalala wapi?”

“Hazilali. Tunaandika ‘rudisha’, zinarudi kwa mwenyewe. Tunalipa tu saa ile tulizitumia.”

“Na kama munasahau kurudisha?”

“Basi tunalipa na usiku, papa. Hata kama zilikaa bure.”

Papa Isidore alitazama saa, akatazama kilima, kisha akamtazama Blanchard kwa muda, na safari hii hakucheka.

“Huyu kijana iko na akili,” alisema. “Tena hafichi kitu. Angeweza kutudanganya akisema ni zake. Nimekubali, Larissa ni wenu. Sasa muende, giza inafika.”

Blanchard, desturi au si desturi, alisema, “Aksanti sana, papa,” na hakuna aliyemkemea. Waliagana kwa haraka, mzee akiwasukuma mgongoni kwa upole mpaka kwenye pikipiki.

Walipofika kwenye kona ya ua, Blanchard alisimama. Tonton alikuwa amesahau kurudisha mashine. Alifungua kompyuta juu ya kiti cha pikipiki, na alipokuwa akiandika, alisikia kwato zikishuka kilimani, halafu sauti ya Bisimwa mbele ya nyumba.

“Isidore, saa kumi na mbili imefika. Ngombe zangu nazirudisha kwangu, ao utanilipa na usiku?”