Permelia wa Nani

Siku ya tatu katika masijala ya mahakama, kule Kentucky, niliona kitu ambacho sikukitafuta.

Nilikuwa nakusanya nasaba ya ukoo wetu kwa ajili ya mkutano wa jamaa. Mababu zetu walivuka milima kwa mikokoteni ya ng'ombe, wakafyeka pori na kujenga nyumba za magogo. Sasa wosia wa babu yule wa kwanza ulikuwa mbele yangu: "Permelia, mtoto niliyemzaa na mjakazi wangu, abaki mtumwa wa mwanangu mkubwa."

Ng'ambo ya meza aliketi mama mmoja mweusi aliyekuwa akimtafuta Permelia huyohuyo, bibi wa bibi yake. Kwa siku tatu tulikuwa tukitaniana kama mashoga.

"Vipi shoga, umepata kitu?"

Niliufunika ule mstari kwa kiganja. Mkono wangu mweupe ulitoka jasho, karatasi ikanata.

"Hamna. Wakulima watupu."

"Basi kalime nao, mimi nimechoka!" Alicheka, akanimegea mkate wake wa mahindi. "Narudi kwa mama. Anaumwa, na kila siku swali ni lilelile: Permelia alikuwa mtoto wa nani?"

Akaondoka. Nikauweka mkate juu ya meza.

Nilikimbia hadi kwenye gari lake, nikagonga kioo. Akakishusha huku akitabasamu.

"Umesahau nini tena, wewe?"

"Permelia ni wa kwetu," nikasema. "Nimemwona kwenye wosia wa babu yetu, nikakuficha."