Damu ya Marietha

Pigo la kwanza la tezo liling'oa kitasa. La pili liliusukuma mlango mzima hadi ukutani, na chupa zikalia kabatini.

Kwenye ngazi, mlinzi Gaudens alikuwa amekaa chini akitema damu na jino. Alikuwa amejaribu utani. "Mzee Kasiani, tezo ya nini tena? Huku hatuchongi vinyago." Mpini wa tezo ulimjibu mdomoni.

Kasiani alisimama kizingitini akihema. Siku hizi pumzi ilimkata upesi, wala hakushangaa. Mtu gani hupata usingizi, mkewe anakufa ubavuni pake?

"Bupe!" aliunguruma. "Leo hunyonyi mtu humu!"

Binti wa maabara aligeuka. "Shikamoo, baba. Weka hicho kitu chini, tuongee."

"Shikamoo yako kampe anayekutuma!"

Tangu masika, Marietha alikuwa akimburuta hadi kwenye jengo hili la Tegeta. Wana kipimo kipya cha saratani, alimwambia. Wanausaka ugonjwa ndani ya damu, ukiwa bado safarini, kabla haujajenga pengine. Wanachukua damu ya mgonjwa na ya mwenzake, walinganishe, maana hao hulala kitanda kimoja na kula chungu kimoja. Kasiani hakuwahi kumpa daktari hata mkono. Homa alizimaliza kwa mwarobaini na matusi. Lakini kwa ajili ya Marietha alikunja shati, akauma meno, akatazama dari.

Kisha Marietha aliingia nyuma ya pazia peke yake, akatoka na pamba mkononi na macho mekundu. Kila mara hivyo. Mwezi uliopita kaka zake Kasiani walikuja kutoka Newala, bila msiba wala harusi, wakakaa sebuleni wakitazama sakafu. Kasiani alielewa: wamekuja kumuaga shemeji yao.

Na asubuhi hii alimkuta Marietha uani, simu sikioni, akilia kama mtoto. "Wanataka damu tena, dada. Tena!"

Hakuuliza. Aliingia karakanani, akayaruka magogo ya mpingo, akaishika tezo.

"Iko wapi?" alimuuliza Bupe sasa.

"Nini, baba?"

"Damu ya mke wangu!"

Macho ya Bupe yalikimbilia mezani. Pale, chini ya hadubini, palikuwa na kipande cha kioo kidogo kama kiberiti. Ndani yake vilipita vijia vyembamba kuliko unywele. Bupe aliwahi kumwonyesha, kwa fahari: damu hupitishwa humo, chembe nzima zikajipenyeza na kwenda zao, zile za saratani, nene na ngumu, zikanasa. Siku ile Kasiani alikumbuka njia za fukusi ndani ya gogo, akatabasamu. Leo aliona mrija wa kumfyonzea mkewe.

"Usikiguse!" Bupe alipiga kelele. "Zimenasa, baba! Leo ndiyo zimenasa! Daktari anazingoja achague dawa, na mashine ni hii hii moja..."

Kasiani alimkamata ukosi wa koti, akamtupa kwenye friji. Mkono wa binti ulilia kama kuni kavu.

Tezo ikashuka. Kioo kikawa unga. Ikashuka kwenye pampu, ikashuka kwenye hadubini, ikashuka kwenye safu ya mirija, na damu ikaruka ukutani, ikaruka darini, ikammwagikia usoni. Alipiga vyuma hadi vikapinda. Alipiga meza baada ya kubaki meza tupu. Alipiga mpaka mikono ikamkatalia, tezo ikamponyoka, naye akaanguka magoti katikati ya wekundu ule.

Hapo Kasiani, simba aliyeingia akiunguruma, akalia. Alianza kuizoa ile damu kwa viganja, polepole, kama mtu anayezoa unga wa mwisho uliomwagika.

"Mama Herieth, nisamehe," alinong'ona. "Nimechelewa. Wamekumaliza."

Bupe alikuwa sakafuni, mkono umepinda. Hakuutazama mkono. Alitazama ule unga wa kioo.

Miguu ilisikika kwenye ngazi. Marietha aliingia bila viatu, khanga inaburuta, jasho linamtiririka. Aliona tezo. Aliona meza. Alimwona mumewe akizoa. Akashika mwimo wa mlango.

Kasiani alimwinulia viganja vyekundu. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyerudi na ushindi. "Nimekuokoa, mke wangu. Hawalipati tena tone lako, hata moja."

Bupe aligeuza shingo taratibu. "Mama," alisema, sauti inamkauka, "si uliniapia utamwambia wewe mwenyewe?"

Marietha hakumtazama. Alipiga magoti kwenye damu, akaishika mikono ya mumewe.

"Baba Herieth," alisema, "ningekwambia mgonjwa ni wewe, ungekubali kukaa kwenye kile kiti?"