Safu ya Nyuma

"Mwanangu, fungua lenzi tuonekane sisi wa mbele," shangazi alimnong'oneza mpiga picha, binti wa kaka yake. "Huyo mke wa kaka yako huko nyuma awe ukungu tu. Simtaki ukutani kwangu."

Huko nyuma wifi alisimama wima, akiziba kwa kidole mahali pa kifungo kilichodondoka.

Mpiga picha aliikaza kamera kwenye stendi, akazungusha pete ya lenzi, tik, tik, mpaka tundu likabaki dogo kama punje. Sasa safu zote mbili zingetoka wazi, ila kwa mwanga ule hafifu picha ingechukua sekunde nzima.

"Tulieni tuli. Atakayetikisika ndiye atakuwa ukungu."

"We mtoto, umefunga badala ya kufungua!" shangazi akafoka, akitikisa kichwa.

Wifi hakupepesa hata jicho.

Mpiga picha akabonyeza.