Jezi ya Riziki

Sheria ilikuwa moja: mkurugenzi wa michezo akihamia chuo kingine, wachezaji wake hufutwa kichwani mwake, sura na majina, asije akawauzia wapinzani siri. Chuo kidogo cha Kilalo kilikwishaporwa wakurugenzi wanne, ndipo Mheshimiwa Mkuu wa Chuo alipopata hekima yake tukufu.

Zamda, mkurugenzi wa tano, alifika nyumbani na barua ya kuhama mkobani. Akamkuta bintiye Riziki, aliyeogopa mpira kama paka aogopavyo maji, amevaa jezi.

“Mkuu kanisajili netiboli, mama. Nimeshasaini.”

“Wewe? Hata kudaka hujui.”

“Kasema si neno.”

Zamda akaichana barua vipande vipande, akisaga meno.

“Ivue hiyo jezi.”

“Kasema nisiivue, mama, mpaka ustaafu.”