Mtihani wa Avelina

"Mikono mapajani," mwalimu Salsabil alikumbusha. "Usinyanyuke mpaka nikwambie."

Avelina akatii.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi, mkabala na duka la nafaka la mzee Zahor, soko la Mabibo. Salsabil ni mwalimu wa elimu maalumu, na kazi yake huanza pale shule inapoishia. Amewahi kupata wagumu, lakini hajapata kama Avelina.

Majirani kule Kimara, ambao ushauri hawajawahi kuombwa wala kuishiwa, walishahukumu: huyu hafundishiki. Mmoja alitaka apelekwe kwenye maombi. Mwingine akasema dawa yake ni kufungiwa ndani tu, watu wapumzike.

Na kusema kweli, Avelina alikuwa mtihani. Safari iliyopita aliingia nyuma ya kaunta bila kuitwa, akapokonya kopo la kupimia, akamwaga maharage, kisha akaangua kilio mbele ya wateja. Zahor alivumilia kiungwana.

"Mwalimu, mie sina roho mbaya," alisema, "lakini hili duka, si chekechea. Akirudia, ajira hakuna."

Kwa hiyo leo ni leo.

Nyuma ya kaunta, Fredrick, kijana mwenye aproni ya bluu, alikuwa anampimia mteja mchele, taratibu, bila papara.

"Fanya chap basi, braza," mteja akalalamika.

Fredrick akatabasamu, akaendelea na mwendo wake. Ghafla kopo likamponyoka. Mchele ukatapakaa sakafuni.

Avelina akaruka. Salsabil akamdaka upindo wa kitenge.

"Kaa."

"Lakini ticha..."

"Tumefundishana nini?"

"Nisishike. Nisiseme. Nisikimbilie," Avelina alijibu, machozi yakimlenga.

"Hodari. Pumua, mama."

Akakaa, akauma ncha ya kitenge. Wachuuzi wa jirani walikuwa wanamcheka waziwazi, bila hata haya. Iliuma kumtazama.

Fredrick akachukua ufagio, akafagia, akanawa mikono, akaanza kupima upya. Mteja akalipa, akaenda zake. Zahor, aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti muda wote huo, akainua dole gumba.

Avelina akapiga makofi, kisha akakumbuka, akairudisha mikono mapajani.

Fredrick akavua aproni, akaikunja vizuri, akavuka njia kuja kwenye benchi. Maneno yalimtoka moja moja, kama kawaida yake.

"Shikamoo, ticha. Mama yangu kafaulu?"

"Marahaba. Leo kafaulu."

"Basi kesho abaki nyumbani," Fredrick akasema. "Mie nina kazi."